Radhi Aliyoomba Kabla ya Kupanda Meli

Siku ile tulikuwa sita sebuleni kwetu, Chemchem, hapa Tabora mjini. Alikuwepo bibi, mama yake mama, ameketi kwenye mkeka maana viti hajavizoea mpaka leo. Alikuwepo shangazi, dada yake baba, aliyefika na kapu la mihogo akijua anakuja kusalimia tu. Alikuwepo mdogo wetu wa mwisho, bado ana sare za shule mwilini. Alikuwepo ustadhi wa jirani, aliyetusomesha Kurani sisi watoto wote watatu. Alikuwepo wakala kutoka Dar es Salaam, yule aliyempatia ndugu yetu kazi ya meli. Na mimi, niliyeishika simu ya wakala ili wote waione.

Ndani ya simu alionekana mzungu wa kampuni ya meli, shati jeupe, na pembeni yake ilisikika sauti ya mwanamke aliyekuwa akitafsiri. Wa sebuleni nimewataja wote kwa makusudi. Baadaye mtaani kila mtu alikuwa na lake la kusema juu ya siku ile, wakiwemo watu ambao saa hiyo walikuwa Kitete hospitalini wanauguza wagonjwa wao. Waliokuwepo ni hao.

Aliyekuwa akizungumziwa ni mdogo wangu anayenifuata. Alikuwa mhudumu wa vyumba kwenye meli ya starehe, zile kubwa zinazobeba watalii kuwazungusha baharini, kutoka bandari hii hadi ile. Hajaonekana, mzungu alisema. Asubuhi hakufika kazini, wakamtafuta meli nzima, hayupo, na hakuna aliyeona kitu.

Nirudi nyuma kidogo. Baba alitangulia, mama akafuata kabla hatujazoea kutokuwa na baba. Mimi nilikuwa kidato cha pili. Niliacha shule nikaingia kwenye kazi ya bibi, asali. Bibi ni mtu wa Usinge, na ndugu zake huko bado wanatundika mizinga porini. Wao wanarina, mimi naipokea hapa mjini, naichuja kwa kitambaa, naitia kwenye chupa na kubandika karatasi yenye namba yangu ya simu. Kwa asali hiyo mdogo wangu alimaliza kidato cha nne, na kwa asali hiyo akaenda Dar es Salaam kusomea kazi za hoteli. Alipoleta habari kwamba amepata meli, shangazi alicheka mpaka akajishika ubavu.

"Wewe? Wewe uliyekuwa unalia ukipelekwa kuoga?"

"Shangazi, yale yalikuwa maji ya ndoo, baridi. Kule kuna maji ya moto kwenye bomba."

"Baharini kuna bomba?"

"Melini, shangazi. Baharini kuna samaki."

Kwetu mtu anayekwenda pwani haondoki hivi hivi. Bibi anasema ni jambo la tangu watu wa huku wakitembea kwa miguu hadi baharini, mizigo mabegani. Njia ilikuwa ndefu, na wengi walilala humo humo njiani, hawakurudi. Babu yake bibi ni mmoja wao. Kwa hiyo katika ukoo wa bibi, anayeshika njia ya pwani hupita kwanza nyumba kwa nyumba kuomba radhi. Anasema, "Nisameheni kama nimewakosea," na mwenye nyumba humjibu, "Nimekusamehe, na wewe unisamehe." Na nguo zake alizozivaa hapa nyumbani hazifungiwi kabatini. Anazigawa. Akirudi salama, hushonewa mpya. Ukificha nguo za msafiri, bibi anasema, ni kama umeshamfungia safari yake.

Mdogo wangu alifanya yote hayo. Shati lake la kijani alimpa mtoto wa shangazi, koti alimpa muuza maji. Mtaa mzima alipita, hata kwa fundi baiskeli aliyewahi kupigana naye. Fundi baiskeli alimwambia, "Nakusamehe, lakini ile pampu yangu urudishe." Watu wakacheka. Mwisho alipiga magoti mbele ya bibi. Bibi alimtemea mate kidogo kichwani, akamwombea, akamwambia nenda.

Nilimfungia chupa moja ya asali katikati ya taulo.

Kutoka melini alikuwa ananitumia sauti. Mimi si mtu wa kuandika sana, naye anajua, basi ananisemea. Vyumba, mashuka, wageni wanaoacha vyakula vizima kwenye sahani. Siku moja alinisemea jambo ambalo nalikumbuka zaidi kuliko mengine yote. Mgeni mmoja mzee, aliyekuja mapumzikoni na mke wake, alipotea. Mke aliamka akakuta ndara ziko kando ya kitanda, mtu hayupo.

"Dada, meli iligeuka," alisema. "Meli kubwa kama mtaa, iligeuka ikarudi ilikotoka, ikawa inazunguka pale pale kama ng'ombe aliyepotelewa na ndama. Ikaja helikopta. Wageni wote wako ukingoni wanaangalia maji. Na sisi tumeambiwa tusiseme lolote, tuendelee kugawa chai."

"Wakampata?"

"Hapana. Chumba nilikifanya mimi. Yule mama alinikataza nisitandike upande wa mume wake."

Nilimwuliza mtu anaangukaje kutoka kwenye meli kubwa namna hiyo, hakuna ukuta? Akasema upo ukingo, lakini bahari haihitaji nafasi kubwa. Nikamwambia asiende karibu na ukingo. Akacheka. Akasema, dada, kazi yangu yote iko ukingoni.

Sasa narudi sebuleni.

Ustadhi ndiye aliyeuliza kwanza, kwa upole. "Mlipoanza kumtafuta, meli iligeuka?"

Sauti ya mwanamke ikapeleka swali, ikarudi na jibu. Meli haikugeuka. Walipogundua kwamba hayupo walikuwa wameshakwenda mbali, na abiria walikuwa wanasubiriwa bandarini. Wamezitaarifu meli nyingine zinazopita njia hiyo.

Nilikuwa nawaza zile ndara kando ya kitanda.

Kisha mzungu akasema ana maswali machache, yatasaidia kujua kilichotokea. Akauliza kama kijana alikuwa na huzuni. Bibi akataka kujibu mwenyewe. Aliniashiria nimsogezee simu, akauweka sawa mtandio wake kama anayekwenda kupigwa picha.

"Nani asiye na huzuni?" bibi alisema. "Mtoto hana baba, hana mama. Lakini ni mtoto mwema."

Je, kabla ya kuondoka, aliaga watu kwa namna yoyote ya pekee?

"Aliaga mtaa mzima," bibi akasema. "Nyumba kwa nyumba. Hakuruka hata moja."

Je, aliomba msamaha?

"Kwa kila mtu. Hata kwa aliyewahi kugombana naye. Mbele yangu alipiga magoti."

Je, aligawa vitu vyake?

"Nguo zote. Hakubakiza hata shati."

Sauti ya bibi ilikuwa imenyooka. Alikuwa anamsifia mjukuu wake. Alikuwa anamweleza mtu wa mbali kwamba huyu mliyempoteza hakuokotwa njiani, amelelewa, anajua adabu ya safari. Shangazi alikuwa anaitikia kwa kichwa kila jibu. Hata ustadhi aliongeza, "Kweli, hata kwangu alifika." Mzungu aliinama akaandika, akainama tena akaandika. Akatushukuru sana. Wakala akachukua simu yake, akanywa maji, akaondoka na mihogo ya shangazi.

Tulikaa tunasubiri. Kisha wakala akanipigia, akaanza na salamu ndefu, nikajua. Kampuni imefunga shauri. Kwa maelezo ya familia yenyewe, kijana alikuwa amekwisha kuaga, akaomba msamaha, akagawa mali zake. Kampuni inasikitika. Alijirusha mwenyewe.

Nilimwambia, "Kaka, wewe ni mtu wa hapa hapa nchini. Hukuwaambia kwamba hivyo ndivyo watu wanavyoaga?"

"Dada yangu, mimi kwetu hatuagi hivyo. Nilidhani hata mimi... nilidhani labda kweli."

Bibi hana masikio mabovu. Alikuwa nyuma yangu anapepeta mchele, na ungo ukanyamaza.

"Wamesemaje?"

Nilimwambia. Nilitafuta namna ya kulizungusha, sikuipata. Bibi aliuweka ungo chini, akauliza polepole, "Ni mimi niliyewaambia?"

Kutoka hapo nyumba ilikuwa na swali moja tu. Mtoto amekufa, hilo tulianza kulikubali, kila mtu kwa wakati wake. Lakini bibi alitaka kujua kama alijirusha kweli. Kwetu sisi, anayezama majini bila kutaka tunamhesabu shahidi, mtu wa peponi. Anayejitoa roho mwenyewe ni jambo jingine, watu wanaliongea kwa sauti ya chini na wanakuangalia miguu. Ustadhi hakuwa mtu wa kuhukumu. Alisema, "Tusubiri. Hatuna mtu aliyeona. Karatasi ya kampuni si jicho." Lakini tanga halikuanuliwa wala halikutandikwa. Majirani walikuja wakakaa kidogo kidogo, hawajui wamekuja kwenye nini.

Bibi aliacha asali. Mtu aliyekula asali tangu hajaota meno, akawa anakunywa uji mkavu. Akitoka kuswali anabaki pale pale kwenye mkeka, ananiuliza, "Niliposema alipiga magoti, yule mzungu alifanya uso gani?" Namwambia sikuona. Baada ya muda anauliza tena, kana kwamba nimetoka safari na ndiyo kwanza naingia.

Shangazi alitaka tumfiche mambo. "Mwambieni kampuni imekosea, imeomba radhi, basi."

"Shangazi, bibi hadanganyiki."

"Sisi sote tunadanganyika, mwanangu. Tukidanganywa vizuri."

Sikumdanganya. Nilimwambia bibi nitamtafuta mtu aliyekuwa kwenye meli ile. Nilimsumbua wakala mpaka akaacha kupokea simu zangu. Nilikwenda Dar es Salaam kwa treni, nikaambiwa ofisi ya wakala imehama. Nikarudi, nikaendelea kuchuja asali, maana mdogo wetu wa mwisho alikuwa bado shuleni na hatakula swali.

Simu ilikuja nikiwa na mikono inanata. Namba ya Kenya. Nilidhani ni mteja. Mwanamke akasalimu, akauliza, "Ni wewe wauza asali, Tabora?"

"Ndiyo, dada. Unataka ya nyuki wakubwa au wadogo?"

Akasema, "Mie ninayo chupa yako. Nimeitoa melini."

Namba aliipata kwenye ile karatasi niliyoibandika. Alikuwa mtu wa Mombasa, mhudumu wa vyumba kama mdogo wangu. Walipojuana melini kwamba wote ni Waswahili, walikuwa wanalamba asali ile kwa kijiko kimoja, kila Ijumaa, wanaibania isiishe. Nilikaa chini pale pale kwenye sakafu, nikafuta mkono kwenye kanga, nikamwambia aseme.

Alisema hivi. Alfajiri ile upepo ulikuwa mkali. Msimamizi aliwatuma wawili hao wakaiondoe mito ya viti vya wageni kwenye sitaha ya nyuma, isipeperuke. Huko nyuma kwenye ukingo kuna kijilango. Kitasa chake kilikuwa kimekufa, kimefungwa kwa kamba, wanasubiri fundi bandarini. Yeye mwenyewe alikuwa ameshasema juu ya kijilango hicho, akajibiwa kwamba wageni hawapiti upande ule. Mdogo wangu alibeba mito mingi kwa mara moja, imempita kichwa. Yeye alikwenda kupeleka yake ndani. Aliporudi, kamba ilikuwa inaning'inia, mlango uko wazi unapigapiga, na mto mmoja umebaki umekwama pale chini.

"Nilipiga kelele, dada. Nikatupa boya. Nikakimbia nikawaambia, mtu ameanguka, geuzeni meli. Wakaniuliza, umemwona akianguka? Nikasema sikumwona, nimeona mlango. Wakasema tutazame kwanza vyumbani, huenda amelala. Wakatazama mpaka jua likapanda. Nami walinifungia ofisini."

"Sisi walituambia hakuna aliyeona kitu."

"Mie walinitaka niseme hivyo. Nikawaambia sisemi. Bandari iliyofuata wakanishusha na sanduku langu."

Nikamweleza juu ya maswali ya mzungu na majibu ya bibi. Nilipofika pale pa kuomba radhi, alitoa sauti ambayo mwanzo nilidhani ni kicheko.

"Kumbe ndivyo walivyofanya? Lakini dada, sikiza. Mie mwenyewe niliomba radhi mtaa mzima kabla ya kupanda. Nguo zangu ziko kwa wadogo zangu wote. Sasa na mie nilikwenda kujirusha?"

Nikamwomba anisubiri. Nikampelekea bibi simu, nikaiweka kwenye kipaza sauti, nikatoka nje. Bibi alitaka nitoke. Kupitia mlangoni nilisikia sauti za wale wawili, mmoja wa pwani na mmoja wa Usinge, kwa muda mrefu. Nilisikia bibi akiuliza, "Alikuwa anaimba?" Na yule dada akajibu, "Alikuwa anapiga mluzi, bibi. Na mito iko usoni, mluzi unatoka vibaya, mie namcheka." Baada ya hapo bibi alilia kwa mara ya kwanza tangu habari zilipokuja. Alilia kama watu wanavyolia msiba.

Ijumaa iliyofuata ustadhi alituswalisha sala ya maiti asiyekuwepo. Msikiti ulijaa, mpaka fundi baiskeli alikuwepo, nje, kwenye viatu. Tulipika pilau. Tanga lilitandikwa, na likaanuliwa. Bibi aliomba asali.

Kisha akaniita. "Huyo binti ni mwenzake wa safari."

"Ndiyo, bibi."

"Basi hatujamaliza."

Hapo ndipo nilipoisikia sehemu ya pili ya mila, ambayo sikuwahi kuisikia kwa sababu katika uhai wangu haikuwahi kuhitajika. Zamani msafiri akifia njiani, mwenzake aliyerudi alikuwa na wajibu wa kwenda kwao kabla hajaenda kwake, awaeleze walipomlaza na alivyokufa. Na wenye msiba walikuwa na wajibu wao. Wanampokea mlangoni, wanamwosha miguu, wanamlisha, wanamvisha nguo mpya. Alikuja na mzigo wao, lazima waupokee kwa mikono yao. Habari za babu yake bibi zililetwa hivyo. Mpaka mleta habari apokelewe, bibi alisema, bado ameubeba.

Nilimpigia yule dada nikamweleza. Alicheka. "Miguu yangu ina magaga, mtaona haya." Akasema atakuja, anapenda kuiona hiyo Tabora ya asali. Bibi alitoka mwenyewe hadi sokoni, hakutaka nimchagulie, akanunua doti ya kanga na kitenge. Akavitia sandukuni. Shangazi akaleta beseni jipya na kusema lisifuliwe nguo mpaka mgeni afike.

Hakuja. Kwanza alikuwa hana nauli na alikataa nimtumie. Halafu mtoto wake aliumwa. Halafu akaniambia ukweli. Meli zimemkataa. Kila wakala anayemwendea, jina lake limeshafika kabla yake, kwamba ni mtu wa maneno. Ana watoto na mama mzee. Niliwahi kumwuliza mwanasheria mmoja hapa mjini juu ya kampuni, akasema lipo la kufanya iwapo shahidi atakubali kuapa. Sikumwambia yule dada neno hilo. Tulikuwa tumekwisha kula vya kutosha kutoka kwenye sahani yake.

Mara ya mwisho alinipigia asubuhi, nyuma yake kuna watu wengi na sauti ya kike inatangaza majina ya miji. Alikuwa uwanja wa ndege. Amepata kazi ya ndani, Arabuni.

"Dada," akasema, "nimepita kwa wote, nimebakiwa na nyie. Nisameheni kama nimewakosea."

Bibi aliinyoosha mikono, nikampa simu. Bibi akasema, "Nimekusamehe, mwanangu, na wewe unisamehe. Nguo zako umezigawa?"

"Nimezigawa, bibi."

"Vizuri. Huku kuna mpya zinakungoja."

Tangu hapo namba yake inaita bila kupokelewa, na siku hizi haiiti kabisa. Nimejaribu kwa mama yake Mombasa. Naye anangoja kama sisi. Wanasema huko kazini wengine hunyang'anywa simu, na nimechagua kuamini kwamba ni hilo tu.

Bibi hatoki sana siku hizi, miguu imechoka, lakini ameagiza mkeka wake usogezwe karibu na mlango wa mbele. Mimi naendelea na asali. Kila mzigo ukitoka Usinge natenga chupa moja, siibandiki karatasi. Kanga na kitenge viko sandukuni, havijakatwa wala kupindwa. Beseni la shangazi limekaa juu ya kabati, jipya, na hakuna mtu nyumbani anayethubutu kulifulia.